Nani Aone, Nani Abadili: Kupanga Makundi ya Watumiaji katika Mfumo wa Michoro na Kumbukumbu za Maji

Bomba la maji linapopasuka usiku kijijini, fundi hana haja ya kuuliza limepasuka wapi, kwa kuwa maji yenyewe yamekwisha kumwonesha. Anachouliza ni mahali ilipo valvu ya kulifunga. Asipoipata, tenki litamwagika hadi alfajiri, na watakaoamkia ndoo tupu ni wale wale waliokwisha kuyalipia maji hayo.

Zamani jibu la swali hilo lilikaa mahali pawili: katika kichwa cha fundi mzee aliyekuwapo siku mtaro ulipochimbwa, na katika mchoro wa karatasi uliokunjwa nyuma ya kabati la ofisi. Fundi mzee hustaafu, na karatasi huliwa na mchwa. Ndiyo sababu vyombo vya maji, hata vilivyo vidogo, vinazidi kuhifadhi michoro na kumbukumbu zao katika kompyuta, kwa kutumia programu zilizotungwa mahususi kwa ajili ya kutunza taarifa za kihandisi. Somo hili linahusu sehemu moja tu ya programu hizo. Ni sehemu ambayo mlaji wa kawaida haioni, ingawa inamgusa kila anapopokea ankara: mpangilio wa makundi ya watumiaji, yaani uamuzi wa nani aruhusiwe kuona nini na nani aruhusiwe kubadili nini.

Kabla ya kuendelea, tukubaliane juu ya maneno mawili. Katika somo hili, mtumiaji ni mtu yeyote mwenye akaunti ya kuingia katika programu, awe mhasibu, fundi au mkandarasi. Mlaji ni mwananchi anayelipia maji. Mlaji mara nyingi si mtumiaji, lakini ndiye mwenye mali, kwa maana programu hununuliwa na kuendeshwa kwa fedha zake.

Mahali pa mfano wetu

Tumechagua Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya Mwaka 2019 ndiyo iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, na ndiyo inayovitambua vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Vyombo hivi huundwa na wananchi wenyewe, huongozwa na kamati, na kwa kawaida huwa na mhasibu na fundi. Chombo tutakachokieleza hapa ni cha kubuni. Tukichukulie kwamba kinahudumia vijiji vitatu vya Uyui, kina kisima kirefu kimoja, tenki moja juu ya mnara, vituo kadhaa vya kuchotea maji, nyumba mia nne zenye dira, na zahanati moja. Lengo si kumnyooshea mtu kidole, ila ni kumpa msomaji kitu anachoweza kukishika.

Kilichomo ndani ya mfumo

Mfumo wa kutunza taarifa za kihandisi si kabati la kawaida la mafaili. Kabati hupokea chochote unachoweka na kukaa kimya. Mfumo huu hukumbuka. Kila mchoro unapobadilishwa, toleo la zamani halifutwi. Huwekwa kando likiwa na tarehe na jina la aliyelibadilisha. Ukitaka kujua mchoro wa bomba la zahanati ulivyokuwa kabla ya barabara kupanuliwa, unaweza kulirudia toleo hilo.

Jambo la pili ni kuazima. Mtumiaji anayetaka kuuhariri mchoro huuazima kwanza; wakati huo wengine wanaweza kuusoma lakini hawawezi kuugusa. Akimaliza, huurejesha, nao unakuwa toleo jipya. Pasipo utaratibu huu, mafundi wawili wanaweza kuuhariri mchoro mmoja siku moja, na wa pili kuhifadhi akafunika kazi ya wa kwanza pasipo hata mmoja wao kujua.

Jambo la tatu ni hali ya mchoro. Mchoro huanza ukiwa rasimu, hupelekwa kukaguliwa, kisha huidhinishwa. Mchoro ulioidhinishwa ndio pekee anaopaswa kuuchukua fundi anayekwenda kuchimba. Autodesk Vault na Bentley ProjectWise ni mifano miwili ya programu zinazofanya kazi kwa namna hii katika ofisi za wahandisi duniani. Chombo kidogo cha kijiji si lazima kiwe na programu kubwa kama hizo, ila kanuni tunazozieleza hazibadiliki kwa sababu programu ni ndogo au ya bei nafuu.

Pamoja na michoro ya mabomba na valvu, mfumo wa chombo chetu unahifadhi orodha ya dira, usomaji wa kila mwezi, majina ya wenye nyumba, namba zao za simu, na hesabu za malipo. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Michoro ni mali ya chombo. Namba ya simu na deni la mtu ni habari zake mwenyewe.

Mtu, kundi na ruhusa

Njia ya kwanza inayomjia mtu akilini ni kumpa kila mtumiaji ruhusa zake moja baada ya nyingine. Fundi afungue folda hii, asifungue ile. Mhasibu aandike hapa, asome pale. Kwa watu watatu inawezekana. Wakifika kumi na wawili, na folda zikafika arobaini, hakuna binadamu anayeweza kukumbuka kwa nini mtu fulani alipewa ruhusa fulani. Kwa hiyo programu hizi huweka kitu katikati: kundi. Ruhusa hupewa kundi, na mtu huwekwa ndani ya kundi. Fundi mpya akiajiriwa, msimamizi hana haja ya kupita folda arobaini. Anamtia katika kundi la mafundi na kazi imekwisha. Akiondoka, anatolewa.

Wenyeji wa Tabora wanaufahamu mpango wa namna hii kupitia simulizi za misafara, ijapokuwa haukuitwa hivyo. Msafara uliotoka pwani kwenda Unyanyembe ulikuwa na kirangozi aliyetangulia, wanyapara waliosimamia, askari waliolinda, na wapagazi waliobeba. Kila mmoja alijua mpaka wa kazi yake. Mpagazi alibeba mzigo wa vitambaa miezi mizima bila kuwa na haki ya kuufungua. Tena historia ya njia hiyo inatupa onyo. David Livingstone alipofika Ujiji mwezi Oktoba 1871, alikuta bidhaa zilizokuwa zimetumwa kwa ajili yake zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekuwa amekabidhiwa kuzitunza. Mwaka uliofuata alilazimika kukaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, hadi Agosti akisubiri wapagazi. Kosa halikuwa kumwamini mtu, kwa maana safari haiwezekani bila kuaminiana. Kosa lilikuwa kumwachia mtu mmoja ghala lote pasipo mwingine wa kutazama.

Makundi matano ya chombo chetu

Kamati ya chombo chetu cha kubuni ilikutana na kuamua kuwa na makundi matano. La kwanza waliliita Wasomaji. Hili ni la wajumbe wa kamati na watendaji wa vijiji. Wanaona michoro iliyoidhinishwa na taarifa za jumla: maji kiasi gani yamesukumwa, kiasi gani yamelipiwa, kiasi gani yamepotea. Hawaoni deni la mtu mmoja mmoja. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini yeye, aliyechaguliwa na wananchi, azuiwe kuona nani anadaiwa. Ni swali la haki. Jibu walilompa ni kwamba kamati inahitaji kujua nyumba ngapi zinadaiwa na jumla ya deni ili iamue. Haihitaji kujua kama jirani yake ndiye. Ikitokea shauri la kumkatia mtu maji, mhasibu ataleta jalada la mtu huyo peke yake mezani.

La pili ni Mafundi. Hawa wanaona michoro yote, ikiwamo rasimu, na wanaruhusiwa kuandika taarifa za matengenezo: siku gani, valvu ipi, kifaa gani kilibadilishwa. Hawaruhusiwi kuidhinisha mchoro. La tatu ni Wachoraji, kundi dogo la watu wawili, mmoja akiwa fundi mkuu, wanaoazima na kuhariri michoro. La nne ni Fedha, la mhasibu na msaidizi wake, linaloona majina, dira na malipo, na ambalo halina shughuli yoyote na folda za michoro. La tano ni Wasimamizi wa Mfumo, ambao kazi yao ni kufungua akaunti, kuzifunga, na kupanga makundi yenyewe.

Msoma dira aliwasumbua. Yeye hupita nyumba kwa nyumba na simu, akiandika tarakimu za dira. Si fundi, wala si mhasibu. Wengine walitaka atiwe katika kundi la Fedha, kwa kuwa usomaji wake ndio unaozaa ankara. Hilo lingekuwa kosa, na hapa mlaji afungue masikio. Mtu anayesoma dira akiwa na uwezo pia wa kurekebisha kumbukumbu za malipo, anaweza kuandika uniti ishirini, kupokea fedha ya ishirini mkononi, kisha kurudi na kuandika nane. Chombo kitapoteza, na bei ya maji itapanda kwa watu wote ili kuziba pengo. Upande wa pili ni mbaya vivyo hivyo: akikosea kuandika mia mbili badala ya ishirini, ndiye yeye huyo huyo atakayeamua kama malalamiko yako ni ya kweli. Kwa hiyo kamati ilimpa msoma dira ruhusa moja tu: kuingiza usomaji mpya. Akishautuma, hawezi kuubadili. Marekebisho hufanywa na mhasibu, kwa maelezo ya maandishi, na mfumo hutunza tarakimu zote mbili, ya kwanza na iliyosahihishwa.

Ruhusa hujumlishwa

Kuna jambo moja linalowapotosha hata wataalamu. Mtumiaji anaweza kuwa katika makundi mawili kwa wakati mmoja, na katika programu nyingi ruhusa za makundi hayo hujumlishwa. Fundi mkuu wetu yumo katika Mafundi na katika Wachoraji. Anapata za huku na za kule. Hilo ni jema. Lakini tuseme mhasibu amekwenda likizo ya uzazi, na katibu ambaye alikuwa Msomaji akatiwa katika kundi la Fedha ili ankara zisichelewe. Mhasibu akirudi, hakuna anayekumbuka kumtoa katibu. Jina lake bado linaonekana katika kundi la Wasomaji, na anayetazama orodha hiyo ataridhika kwamba katibu anasoma tu. Kumbe anaona na kubadili madeni ya vijiji vitatu.

Dawa yake ni mbili. Ruhusa ya muda iandikwe na tarehe ya kwisha. Baadhi ya programu zinaweza kuifunga zenyewe siku hiyo, na zisizoweza, daftari la kamati litaweza. Pili, ukaguzi usifanywe kwa kusoma orodha ya kundi peke yake. Mchukue mtumiaji mmoja mmoja na uulize: huyu, kwa makundi yote aliyomo, anaweza kufanya nini?

Yapo pia makatazo. Programu nyingi huruhusu msimamizi kulikataza kundi folda fulani waziwazi, na katazo la namna hii kwa kawaida hushinda ruhusa yoyote nyingine. Msimamizi mgeni hulifurahia akalitumia kila mahali. Siku moja fundi mkuu anashindwa kufungua mchoro wa pampu, na hakuna anayejua kwa nini, mpaka igundulike kwamba aliwahi kutiwa katika kundi fulani la majaribio lililokatazwa folda hiyo. Ushauri wetu ni kutotoa ruhusa pale isipohitajika, badala ya kutoa kisha kukataza. Kwa kuwa programu hutofautiana, muulize muuzaji swali hili moja kabla ya kulipa, na atoe jibu kwa maandishi: mtu akiwa katika makundi mawili, moja limeruhusiwa na jingine limekatazwa, nani anashinda?

Liko kundi jingine ambalo huja na programu tangu siku ya kwanza, na huitwa Kila Mtu au jina linalofanana na hilo. Kila akaunti imo humo bila kuombwa. Folda mpya zikifunguliwa, mara nyingi hurithi ruhusa za folda iliyo juu yake, na kama kundi hilo linaruhusiwa kusoma huko juu, basi litasoma na humu. Folda yenye majina na simu za wananchi isirithi ruhusa kiholela. Ifunguliwe, irithi yake ivunjwe, na ruhusa zake ziandikwe upya.

Mchoro wa zahanati

Tuendelee na chombo chetu. Bomba la kwenda zahanati lilihamishwa barabara ilipopanuliwa. Mchoraji aliandaa mchoro mpya na kuuacha katika hali ya rasimu, kwa kuwa alikuwa bado hajapima umbali wa valvu moja. Wiki iliyofuata bomba likapasuka. Fundi wa zamu aliufungua mfumo kwa simu yake, akaona michoro miwili, akachukua ule wenye tarehe ya karibuni, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Alichimba mahali pa kwanza, hakukuta kitu. Akachimba pa pili. Valvu ilikuwa mita kadhaa mbali zaidi, mahali ambapo rasimu haikuonesha. Zahanati ilikaa bila maji kutwa nzima, na akina mama waliokuja kujifungua walichotewa maji kwa baiskeli.

Je, nani amekosea? Fundi alifanya kazi yake. Mchoraji naye hakudanganya. Rasimu ni rasimu. Kilichokosewa ni mpangilio: kundi la Mafundi lilikuwa linaona rasimu na michoro iliyoidhinishwa bila tofauti. Kamati ilibadili mambo mawili. Mafundi wa kawaida sasa wanaona michoro iliyoidhinishwa peke yake, na pale ambapo rasimu mpya ipo, mfumo unawaonesha alama ya tahadhari yenye namba ya simu ya mchoraji. Kisha waliamua kwamba anayechora asiwe ndiye anayeidhinisha. Kwa chombo chenye wachoraji wawili, maana yake ni kwamba kila mmoja huukagua mchoro wa mwenzake. Chombo chenye mchoraji mmoja kinaweza kuomba ukaguzi kwa mhandisi wa RUWASA wa wilaya.

Wapo watakaosema hatua hizi zinachelewesha kazi. Ni kweli, zinachelewesha kidogo. Kuchimba mashimo mawili ya bure kunachelewesha zaidi.

Wanaoondoka na wanaokuja

Akaunti ya mtu aliyeondoka ifungwe siku ile ile anapokabidhi ofisi. Isifutwe. Tofauti ni kubwa: ikifungwa, hawezi kuingia tena, lakini jina lake linabaki katika matoleo aliyoyabadilisha, na miaka mitatu baadaye utaweza kujua nani alihamisha valvu ile. Ikifutwa, katika baadhi ya mifumo historia hubaki bila mwenyewe.

Kamati mpya inapochaguliwa, makabidhiano ya muhuri na vitabu vya benki hufanywa mbele ya mashahidi. Makabidhiano ya mfumo yafanywe papo hapo. Orodha ya makundi ichapishwe, isomwe kwa sauti, wanaotoka watolewe, wanaoingia watiwe, na nywila zibadilishwe.

Nywila ya pamoja ni maradhi yanayoenea sana. Utaikuta imeandikwa kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa pembeni mwa kompyuta, na ofisi nzima inaingia kwa jina la msimamizi. Watu huifanya kwa nia njema, ili kazi isikwame mtu mmoja akiwa shambani wakati wa kuvuna tumbaku. Lakini siku deni la mtu litakapofutika, mfumo utasema limefutwa na msimamizi, na msimamizi ni watu saba. Wasio na hatia watashukiwa pamoja na mwenye hatia. Akaunti ya jina lako mwenyewe ni kinga yako kabla ya kuwa kinga ya chombo.

Mkandarasi naye apewe akaunti yake, katika kundi lake, inayoona folda ya mradi wake tu, na yenye tarehe ya kwisha sawa na ya mkataba. Kwa kuwa tumemtaja, tuseme na hili: mara nyingi kampuni inayofunga programu hubaki na akaunti pekee ya usimamizi. Chombo kinapotaka kumwongeza fundi mmoja, kinapiga simu mjini, kinasubiri, kinalipa. Wakigombana, kinajikuta kimefungiwa nje ya michoro yake yenyewe. Kabla ya kutia sahihi, kamati itake mkataba utamke kwamba usimamizi utakabidhiwa kwa chombo, kwa watu wasiopungua wawili, na kwamba taarifa zote zinaweza kutolewa katika muundo unaofunguka kwa programu nyingine. Iulize pia kitakachotokea ada ya mwaka ikichelewa: je, mfumo utaruhusu kusoma bila kuhariri, au utafunga kabisa? Jibu la pili lisikubaliwe kwa mfumo unaobeba maji ya zahanati.

Haki yako wewe mlaji

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu kuzitumia kwa kusudi lililotajwa na kuzilinda zisivuje wala kuharibiwa. Katika sheria hiyo, miamala ya fedha ya mtu imehesabiwa miongoni mwa taarifa nyeti. Kwa hiyo orodha ya wadaiwa isiyo na kufuli haiwezi kuitwa uzembe mdogo wa ofisi.

Kwa mujibu wa sheria hiyo unaweza kwenda kwenye ofisi ya chombo chako na kuomba kuoneshwa taarifa zako zilizohifadhiwa, na kutaka zisahihishwe zikiwa na kosa. Uliza pia ni makundi gani ya watumiaji yanayoziona. Chombo kilichojipanga kitakujibu kwa dakika chache. Kinachojiumauma pengine hakijawahi kujiuliza. Usiporidhika kuhusu huduma au ankara, anza kwa barua kwa kamati, kisha RUWASA wilayani. Suala likihusu taarifa zako binafsi, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoundwa chini ya sheria hiyo hiyo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Mwaka 2015 nayo inafanya kuwa kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Hii inawahusu pia walioondoka kazini na kukuta nywila zao bado zinafanya kazi. Mlango kuachwa wazi haukugeuzi kuwa mwenyeji.

Umeme na mtandao vikikatika

Hata mfumo uliopangwa vizuri haufai kitu kama hauonekani bomba linapopasuka. Chapisheni mchoro mkuu ulioidhinishwa, wenye namba ya toleo na tarehe, uwekwe katika mfuko usioingiza maji ndani ya nyumba ya pampu. Toleo jipya likiidhinishwa, karatasi ya zamani iondolewe siku hiyo hiyo na kuchanwa. Nakala akiba ya mfumo mzima itunzwe mahali pengine mbali na ofisi, na kundi linaloruhusiwa kuifungua lisizidi watu wawili, kwa maana nakala hiyo ina kila kitu ambacho makundi yote matano yamefichwa au yameoneshwa.

Zoezi kwa kamati na wanachama

Zoezi hili lifanywe mbele ya wanachama, mara moja kila miezi sita, na halihitaji mtaalamu. Mwenyekiti amwombe msoma dira aingie kwa akaunti yake mwenyewe, kisha ajaribu mambo matatu huku watu wakitazama: kufungua orodha ya madeni, kubadili usomaji wa mwezi uliopita, na kufungua rasimu ya mchoro. Mambo yote matatu yakikataliwa, hilo ni sawa. Kisha fundi wa zamu atafute valvu ya zahanati kwa simu yake. Atazamwe saa na aseme iko wapi. Mwisho, msimamizi ajaribu kuingia kwa akaunti ya mtu wa mwisho aliyeacha kazi, huku mhusika akiwa amearifiwa na kuridhia. Matokeo yaandikwe katika muhtasari wa kikao, pamoja na jina la atakayerekebisha kilichoshindwa na tarehe ya kumaliza. Endapo jaribio lolote limeshindwa, zoezi lirudiwe baada ya marekebisho, bila kungoja miezi sita mingine.